Msivuke Namanga Jumamosi alfajiri kama kweli mnataka kuwaona kina dada wakicheza raga

Msitoke Jumamosi. Nimesoma mpango wako wote wa kwenda Nairobi kutazama Safari Sevens, mdogo wangu, na nilipofika pale unaposema "tunatoka Arusha saa kumi alfajiri Jumamosi na Noah ya mjomba, saa nne tuko uwanja wa Nyayo," roho ikaniruka. Umeuliza lodge, chakula, tiketi, nguo za kuvaa, na kama watu wasioijua raga ya wachezaji saba wataelewa kinachoendelea uwanjani. Hayo wadau wengine watakujibu vizuri. Mimi nazungumzia hiyo Jumamosi na hiyo Noah ya mjomba, kwa sababu mpango wenu ni ule ule wetu, neno kwa neno, na najua unapoishia.

Sisi tulikuwa kundi la marafiki, karibu wote wa kike, tukienda kuwatazama Lionesses, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, kwenye Safari Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba ya Nairobi. Hawa ndio waliocheza Olimpiki ya Rio mwaka 2016, raga ya saba ilipoingizwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, na wakaenda tena ya Tokyo iliyofanyika 2021. Timu ya kina dada wa Afrika Mashariki, inacheza safari ya nusu siku kutoka nyumbani kwetu! Tulichanga mafuta miezi kabla. Mmoja wetu akaazima gari kwa baba yake mdogo. Kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na bwana mmoja anayesifika kwamba Nairobi ni kama chumbani kwake, kila wiki yuko huko. Yeye ndiye aliyetupangia kila kitu. Mpaka wa Namanga uko wazi saa ishirini na nne, akasema, kwa hiyo kulala Nairobi Ijumaa ni kuchoma pesa bure. Nakala ya kadi ya gari inatosha, tusiwasumbue wazee kwa barua. Mkifika saa nne mtawahi kila kitu.

Kuhusu Namanga kuwa wazi usiku na mchana, alisema kweli. Kile ni kituo cha huduma kwa pamoja tangu 2018, ukienda Kenya unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya, na maafisa wa nchi zote mbili wako humo humo. Pasipoti zetu ziligongwa haraka, hata foleni haikuwepo. Tukaanza kupiga picha.

Kisha tukaenda dirisha la forodha kwa ajili ya gari.

Afisa akaomba kadi halisi. Tukampa nakala, ile iliyokunjwa mara nne hadi namba za chesisi zimefutika kwenye mikunjo. Akaigeuza, akaangalia nyuma, akauliza, "Mwenye jina hili yuko wapi kati yenu?" Hayupo. "Barua yake ya kuwaruhusu kutoka na gari nje ya nchi?" Hatuna. "Kadi yenyewe iko wapi?" Hapo ndipo rafiki yetu alipokumbuka kwamba baba mdogo alilinunua lile gari kwa mkopo, na kadi halisi imeshikiliwa na benki hadi deni liishe. Maana yake hata barua ya baba mdogo peke yake isingetosha, ilihitajika na ya benki. Akauliza na bima. Bima ya kawaida ya Tanzania haikulindi ukishaingia Kenya. Unatakiwa uwe na kadi ya njano ya COMESA, ambayo unaichukua kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari. Nasi tulipoambiwa tusisahau kadi ya njano tulibeba zile za chanjo ya homa ya manjano, kila mtu na yake, kwa uaminifu kabisa.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penye uzito wote. Kila kosa kati ya hayo lina dawa. Barua ya mwenye gari inaandikwa kwa wakili na kugongwa mhuri ndani ya saa moja. Benki inatoa barua yake ukiomba kwa utaratibu. Kadi ya njano unaipata kwa wakala wa bima siku hiyo hiyo. Lakini ni Jumamosi, jua halijachomoza! Baba mdogo simu imezimwa. Wakili amelala. Benki hata ikifungua Jumamosi, mtu wa mikopo wa kukuandikia barua siku hiyo humpati. Mpaka uko wazi saa ishirini na nne, ila kila mtu ambaye karatasi yake inahitajika ili uvuke mpaka huo amefunga hadi Jumatatu.

Tukarudishwa na gari upande wetu. Tukiwa tumesimama pale na mabegi, akaja kijana mmoja ameshika mafaili, amevaa kitambulisho shingoni, akasema yeye ni wakala, anafahamiana na kila mtu, barua ya mwenye gari ataipata kabla ya saa moja. Mmoja wetu akampa laki moja na nusu. Kijana akaingia nyuma ya maduka. Hatukumwona tena. Vishoka wa mpakani wanamjua mtu mwenye haraka akiwa bado yuko mbali, na mtu aliyetoka nyumbani Jumamosi alfajiri kuwahi mechi ya asubuhi ana haraka kuliko wote.

Mwisho tukaliacha gari kwenye maegesho ya kulipia, tukavuka kwa miguu, tukapanda matatu. Namanga hadi Nairobi ni kama kilomita 165, na hadi Isinya tulienda vizuri. Foleni ya Kitengela ikatumeza. Ukitoka hapo kuna Athi River na Mlolongo, halafu Barabara ya Mombasa yenyewe. Kutokea Mlolongo ipo barabara ya juu ya kulipia, lakini matatu yetu haikupita huko. Tulishuka Nyayo mchana umeshasonga, tukakimbia getini, tukamuuliza mama mmoja aliyejifunga bendera ya Kenya mabegani: Lionesses wanacheza saa ngapi? Akatuangalia kwa huruma. "Mmewakosa. Wamemaliza za leo."

Hapa lazima uelewe mchezo wenyewe, na hili litakujibu swali lako moja. Raga ya saba, kila kipindi ni dakika saba, katikati mapumziko ya dakika mbili. Mechi nzima ni dakika kumi na nne. Timu ikicheza mechi tatu kwa siku, hizo ni dakika 42 tu za kuwaona. Siyo mpira wa miguu kwamba ukichelewa utakuta kipindi cha pili. Ukikosa asubuhi umeikosa siku. Na mechi za kina dada, kwa nilivyoona, huanza mapema, wakati majukwaa bado hayana watu. Jioni uwanja umejaa, muziki umefunguliwa, wanaume wanacheza, na wengi wa waliojaa hawakumwona hata dada mmoja akigusa mpira. Hili linaniuma kuliko ile laki na nusu. Watu wanasema raga ya wanawake haina mashabiki. Mashabiki wengine wako Kitengela kwenye foleni, kwa sababu kuna mtu aliwaambia Jumamosi saa nne inatosha.

Na huyo mtu, nikwambie ukweli wake, maana nilikuja kuujua baadaye. Hajawahi hata siku moja kuvusha gari Namanga. Anapanda shuttle, yale mabasi madogo ya abiria ya Arusha na Nairobi. Anashuka, anagongewa pasipoti, anapanda tena, dereva ndiye anayehangaika na karatasi. Huo mpaka anaujua kama abiria anavyoijua injini ya basi. Lakini alitupa ushauri wa gari kwa sauti ya mtu mwenye gari, na tulipomweleza yaliyotokea akasema tulikosa bahati, tulikutana na afisa mkali. Hapana! Afisa hakuwa mkali hata kidogo. Alituonyesha kinachotakiwa, akatuandikia kwenye kikaratasi ili tusisahau, hakutuomba hata shilingi. Aliyetukosea ni yule aliyeshauri kitu asichokijua. Na naona kwenye uzi huu huu kuna wawili tayari wamekuambia "gari la mjomba halina shida, nendeni tu." Waulize kama wamewahi kuendesha gari lisilo la kwao kuvuka pale. Waulize jina gani lilikuwa kwenye kadi.

Jumapili tuliwaona, na ndiyo maana nakusihi hivi. Tulipata viti chini kabisa, karibu na kona. Dada mmoja wa Kenya alipokea mpira pembeni kabisa, mkanda mweupe wa kifundo cha mkono umelegea unaning'inia. Akakimbia akiwa na mstari upande mmoja na mpinzani upande mwingine. Akakabwa kiunoni hatua moja kabla ya mstari wa trai, akaanguka kifudifudi mbele yetu, tukasikia pumzi ikimtoka. Akanyoosha mkono mmoja, akaugusisha mpira chini juu ya mstari ule. Hiyo ndiyo trai, pointi tano. Akainuka, akaung'ata ule mkanda kwa meno, akaukata, akautupa, akarudi nafasini akikimbia. Mwenzake akachukua zile mbili za nyongeza, na kwenye raga ya saba anayepiga anaudondosha kwanza, mpira ugonge nyasi ndipo aupige, ndani ya sekunde chache tu. Hakuna nafasi ya kushangilia. Mchezo umeshaanza tena. Rafiki yetu ambaye hajawahi kuiona raga maishani alikuwa amepanda juu ya kiti analia. Kwa hiyo ndiyo, mtaelewa. Mkabaji akiwa chini, trai imefungwa, mpira umerushwa nyuma, yote utayaelewa kwa macho.

Lakini fainali hatukuiona. Gari lilikuwa Namanga, baba mdogo ameshawasha simu, anataka kujua liko wapi. Tukaondoka Nyayo mchana, kina dada bado wana mechi, tukasimuliwa matokeo kwa ujumbe wa simu tukiwa Kajiado. Tulikosa mwanzo na mwisho wa kilichotutoa nyumbani.

Kwa hiyo kanuni ni moja na usiibadilishe: vukeni Ijumaa, mchana, ofisi zikiwa wazi. Tokeni Arusha asubuhi. Hadi Namanga ni kama kilomita 110, mkiheshimu vibao vya 50 pale penye vijiji, hasa mkiikaribia Longido, maana trafiki wapo na kosa moja ni elfu thelathini. Mkikataliwa dirishani kabla ya saa sita bado mna siku nzima: mjomba anapokea simu, wakili yuko ofisini, wakala wa bima yupo, na ikishindikana kabisa mnaliacha gari na kupanda shuttle, na mnaingia Nairobi jioni hiyo hiyo bila kukosa hata dakika moja ya mchezo. Kosa lile lile, siku tofauti.

Malazi tafuteni Madaraka, South B au South C, muwe karibu na Nyayo. Ila hakikisheni kwanza uwanja, maana mashindano haya huhama. Yamewahi kuchezwa uwanja wa RFUEA kule Barabara ya Ngong, na uwanja wa Kasarani pia, na kutoka South C kwenda Kasarani asubuhi ni safari nyingine kabisa. Ratiba ikitoka, isome mwenyewe kwa mstari, tafuta mechi za wanawake, usitegemee mtu akuambie "zinaanza saa fulani." Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakimvushi Mtanzania. Na msipange kurudi Jumapili usiku. Kati ya Kajiado na Namanga ng'ombe na wanyamapori wanakatiza barabara gizani, halafu mtaanza kuangalia saa wakati wa nusu fainali kama sisi. Ombeni ruhusa ya Jumatatu.

Sasa fanya hivi. Mpigie mjomba leo jioni, kabla hujakusanya hata senti ya mafuta, umuulize kadi halisi ya Noah iko mkononi mwake au iko benki, na jina lililoandikwa ni la nani. Kama iko kwake na jina ni lake, mwende naye kwa wakili wiki hii mkaandike barua, kisha bima. Kama iko benki, aende mwenyewe akaombe barua yao mapema, au achaneni na Noah mkate tiketi za shuttle ya Ijumaa asubuhi. Akishakujibu rudi hapa uandike amesemaje, nitakuwa nafuatilia uzi.