Wadogo zangu wa maabara ya maji, kabla hamjapiga simu nyumbani

Jumatatu kijana mmoja wa fildi alinijia mbio, simu mkononi, macho yamemtoka pima. "Dada, asilimia 97.9! Mpya huyu!" Alidhani amepata spishi mpya ya bakteria, kwa kuwa herufi zake za DNA zilifanana na za jirani wa karibu kwa asilimia hizo tu. Nikamuuliza sikwensi, yaani huo mfuatano wa herufi, ina urefu gani. Herufi 430. Jirani wa karibu kwenye BLAST, ile programu ya kulinganisha sikwensi, ni nani? "Bakteria asiyekuzwa." Nikamwambia akae, nikammiminia chai, kwa sababu hata mimi niliwahi kuwa yeye, tena mimi nilikuwa nimeshapiga simu nyumbani.

Kila mwaka mnakuja wapya na makosa yaleyale, kama vile mnaachiana urithi bwenini. Nimechoka kuyasema, nayaandika.

1. Achaneni na nyuzi 37. Najua wengi mmepitia maabara za hospitali, lakini bakteria wa ziwa hana homa. Maji ya Ghuba ya Mwanza yanacheza kwenye nyuzi 25, na huko ndiko alikozoea. Mpe R2A, ile agar ya chakula haba iliyotoka 1985 kwa ajili ya maji ya kunywa, kisha mwache wiki mbili, hata tatu. Kuna binti mmoja, mchapakazi kweli, alizitupa sahani zangu siku ya tatu kwa kuwa "hazijaota kitu, Dada, nikakusafishia." Sahani arobaini! Nilitoka nje nikasimama kuwatazama korongo wa jalalani mpaka hasira ikashuka.

2. Vipande vifupi vya 16S, jeni ya kutambulishia bakteria, ni vya kujua nani yumo ziwani, si vya kumpa mtu jina. Tumia 27F na 1492R, vianzio vya kunakilia jeni hiyo karibu yote, soma pande zote mbili, upate karibu herufi 1,500, halafu linganisha na straini kielelezo, yaani ile iliyohifadhiwa kuwakilisha spishi yenye jina, si na kila takataka iliyopakiwa kwenye hifadhidata. Kufanana kukiwa chini ya asilimia 98.7, una haki ya kuanza kushuku. Juu yake pia usikate tamaa: Martin Hahn na wenzake kule Mondsee, Austria, wametenganisha spishi za Polynucleobacter, bakteria wa ziwani, ambazo 16S zake zinafanana kwa asilimia 99 na zaidi. Mwamuzi ni jenomu, yaani DNA yake yote. Kuna vipimo viwili vya jenomu kufanana: ANI chini ya asilimia 95, dDDH chini ya 70, hapo tunaweza kuzungumza.

(Na hao Polynucleobacter wengine ni wadogo kiasi cha kupenya chujio la mikromita 0.2. Kwa hiyo "nimechuja, ni safi" msiniambie tena.)

3. Striki tena, yaani mchore bakteria upya kwa lupu, kile kitanzi cha waya, kwenye sahani mpya mpaka abaki peke yake. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipozikwa.

Mwaka wa pili wa uzamili nilipata koloni ya njano kutoka kwenye maji niliyochota karibu na kisiwa cha Saanane. Mviringo, inang'aa kama kiini cha yai la kienyeji. Nikaidondoshea KOH, ile alkali kali, njano ikageuka kahawia ya wekundu palepale: fleksirubini, rangi inayowatambulisha jamaa hawa wa njano. Flavobacterium. 16S, asilimia 98.2. Nilistriki mara mbili, koloni zote zikafanana, nikasema huyu ni safi. Mara mbili!

Dalili zilikuwepo. Kwenye kromatogramu, mchoro wa vilele tunaosomea herufi, chini ya kilele cha kijani kulikuwa na kakilele kekundu, tena si mahali pamoja. Nikasema mashine chafu. Kwenye API 20 NE, seti ya vipimo vya kikemia vya bakteria, naitreti leo chanya, wiki ijayo hasi. Nikasema seti zinakaribia kuisha muda. Pembeni mwa koloni zilizokaa wiki tatu kulikuwa na utando mwembamba usio na rangi, kama doa la chumvi linalobaki kwenye shati baada ya jasho kukauka. Nikasema unyevu. Miezi kumi na minne nikapima joto, pH, chumvi, asidi za mafuta. Jina nilishachagua, mwanzense, na mama alishawatangazia wanakwaya wenzake kwamba mwanawe amegundua mdudu.

Jenomu ikarudi. Flavobacterium wa maji baridi utamkuta na herufi milioni tatu, nne, tano hivi. Wangu alikuwa na milioni 7.4. CheckM, programu ya kukagua jenomu, ikaniambia ukamilifu asilimia 99, uchafu 94. Nikachora GC, yaani asilimia ya herufi G na C, zikatoka nundu mbili, moja kwenye 34 na nyingine 67. Mzee aliyekuwa ananisimamia alitazama skrini muda mrefu, akavua miwani, akaniuliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mama, hii uliistriki mara ngapi?"

Walikuwa wawili. Wa njano, na Brevundimonas mdogo asiye na rangi aliyejibanza kwake kama mpangaji asiyeandikishwa. Vipimo vyangu vyote vilikuwa vya nyumba nzima, si vya mtu mmoja. Nikamtenga wa njano, nikamstriki mara sita, nikasoma upya. 16S ikapanda mpaka 99.6, na ANI ikawa 97.8 na spishi ambayo watu walishaipa jina zamani. Ule "upya" ulikuwa herufi za mpangaji zilizochanganyika na za mwenye nyumba. Kwa hasira nikakusanya sahani zote za mchanganyiko na vichupa vyake vya gliseroli, akiba yangu ya friza, nikavitia otoklevu, nyuzi 121, dakika kumi na tano, nikasimama pale kusikiliza mvuke ukipuliza.

Mwezi uliofuata, nikiwa nimetulia, nikazichambua herufi za yule mpangaji. Jirani yake wa karibu kuliko wote: ANI 84.

Mpya alikuwa yeye. Nami nilikuwa nimemchemsha.

Nilirudi Saanane mara tatu, msimu uleule, kina kilekile, mara ya mwisho kwa nauli yangu ya mtumbwi. Sikumpata. Herufi zake ninazo, lakini kwa ICNP, kanuni za kimataifa za majina ya bakteria, bila straini hai unaishia Candidatus, jina la muda tu. SeqCode ya 2022, kanuni nyingine za majina, inaruhusu jina lisimame juu ya jenomu, ila jenomu yenyewe iwe safi, na ile yangu mimi mwenyewe siiamini.

Kwa hiyo striki mara tano, tazama kwenye darubini kila mara, na kakilele kadogo kakijitokeza usikatetee.

4. Mengine kwa haraka. Mgandishe kwenye gliseroli ndani ya wiki ya kwanza, friza mbili za majengo tofauti, maana umeme hauna ratiba. Straini kielelezo lazima ikae kwenye benki mbili za vijidudu, za nchi mbili, na ziigawe kwa yeyote anayeomba. Basi vibali vya kutoa vijidudu nchini vianze kabla ya makala, si siku mhariri anapokuuliza namba za benki hizo. Na kila safari ya kutoa DNA, weka chupa ya maji matupu ipitie hatua zote, maana bakteria kama Ralstonia na Bradyrhizobium wanapenda sana kuishi kwenye seti za kutolea DNA.

5. Jina. Kijana wa Jumatatu, sikwensi ya herufi 430, tayari anaye "Flavobacterium ukerewensis". Flavobacterium ni jina la jinsia ya kati, linataka -ense. Kilatini kina upatanisho kama sisi tulivyo na ngeli. Mtoto wa darasa la tatu hasemi "kitabu mzuri", nawe shahada unayo. Usimpe bakteria jina lako mwenyewe pia. Naona wengine mnatabasamu.

Na koloni yako, mdogo wangu, nimeichungulia ulipokwenda kunywa chai. Ya njano. Ina utando pembeni. Kesho saa mbili asubuhi njoo na lupu, na sahani hiyo asiiguse mtu.