Jibu: Presha ya mama inarukaruka

Habari ndugu, na pole. Umesema mashine ilisoma 168/97, kidogo tu ikasoma 141/86, hujui umtumie nesi ipi kwa WhatsApp. Angalia kwanza mkanda wa mashine, ule unaofungwa mkononi. Hapa Kondele nilikuwa namfunga mama yangu mkanda juu ya sweta, tena ametoka tu sokoni na jua lote lile! Siku hizi anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea kiti, miguu sakafuni, mkono bila nguo umelazwa mezani usawa wa moyo. Napima mara 2, dakika 1 katikati, naandika zote daftarini, kisha natuma picha ya ukurasa. Dawa usimpunguzie, hilo mwachie daktari. Ikipita 180/120 na kifua kinauma au mdomo umepinda, usingoje kujibiwa, mkimbize hospitali.