Saa imesema nimechoma 520. Nizile?

Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Tanga, na majuzi niligusia habari ya kalori kwa mistari miwili tu, nikidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Simu imejaa maswali, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mtu anayepunguza mwili akifanya mazoezi, zile kalori alizochoma azirudishe kwa kula, au aziache ziende zake? Nimechagua manane. Kalori ninazozitaja ni hizi zinazoandikwa nyuma ya pakiti ya biskuti, ambazo wataalamu huziita kilokalori.

Shikamoo mwalimu. Nina kilo 84. Kila alfajiri natembea haraka kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi, saa nzima. Saa yangu ya mkononi inaniandikia kalori 520. Usiku nimeshaacha wali. Nikirudi matembezini, juu ya chai yangu ya kawaida naongeza maandazi mawili na mbaazi za nazi, maana najua nimeshayalipia. Mwezi wa pili huu mizani imegoma. Nakosea wapi? (Mama wa watatu, Chumbageni)

Marahaba mama. Kutembea hujakosea hata kidogo. Umeiamini saa tu.

Tuhesabu kwa mkono. Mtu anayetembea kwa kasi ya kutoa jasho, lakini bado anaweza kupiga soga na mwenzake, hutumia takriban kalori 4 kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa. Kwako ni kama 336. Humo ndani zimo 84 hivi ambazo ungezitumia hata ungebaki umejifunika shuka, kwa sababu moyo, ini na ubongo havilali. Ukizitoa hizo, matembezi yenyewe yamekupa 250. Saa imekuandikia mara mbili.

Na si yako peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu saa na bangili saba za namna hiyo. Mapigo ya moyo, nyingi zilipatia. Kwenye kalori zote zilianguka: iliyo afadhali ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mkiani ikakosea kwa asilimia 93. Mimi yangu naivaa kwa ajili ya mapigo ya moyo, na kujua kama nimechelewa.

Sasa njoo kwenye sahani. Andazi la kujaa kiganja ni kalori 150 hadi 200. Mbaazi zilizoungwa kwa tui zito nazo zina lao. Nazi ni mafuta, na mafuta yoyote, hata yale ya kupikia, kijiko kimoja cha chakula ni kama 120. Kwa hiyo umetumia 250, ukajilipa 500 na ushei. Wali ulioacha usiku unaurudisha asubuhi kwa mlango wa uani.

Sikucheki, maana nilipitia huko huko. Miaka nilipoanza mchakamchaka nilikuwa narudi nyumbani nimeshika mfuko wa kaimati, tena natembea kifua mbele.

Kwa matembezi ya saa moja au pungufu, usirudishe chochote. Chai yako ya kawaida inatosha. Njaa ikikubana kweli, yai la kuchemsha na chungwa la Muheza. Chungwa ni kama kalori 60 tu na linachukua muda kulimenya. Maandazi na mbaazi usiyafukuze nyumbani, yawekee siku moja ya wiki. Kisha jipime asubuhi mara tatu kwa wiki, uchukue wastani, na kiuno ukipime kwa utepe wa fundi cherehani. Usitoe hukumu kabla ya wiki nne.

Mwalimu, programu ya simu imenipangia kalori 2,135 ili nipungue. Nilipojisajili niliulizwa mimi ni mtu wa namna gani, nikachagua "mazoezi ya wastani". Sasa nikitoka jimu inaniongezea 400 nyingine. Nizile? (Kijana wa Makorora)

Hapana. Hapo unataka kulipwa mara mbili kwa kazi moja.

Programu hizi huanza na kalori ambazo mwili wako unatumia ukiwa umelala tu. Tuseme kwako ni 1,700. Asiyefanya mazoezi huzidishiwa mara 1.2, anapata 2,040. Wa mazoezi ya wastani huzidishiwa mara 1.55, anapata 2,635. Ukitoa 500 za kukupunguza, ndiyo hiyo 2,135 yako. Unaona? Karibu kalori 600 za jimu zilishaingizwa kwenye hesabu siku ile ulipojisajili, tena kila siku, hata Jumapili uliposhinda umelala ukiangalia mpira.

Chagua njia moja. Ama ubaki na mpango huo na usiongeze kitu, ama ujiandike kuwa mtu wa kukaa halafu uongeze kidogo siku za jimu, nusu ya kile mashine inachosema. Wewe ningekupa njia ya kwanza. Wanaoongeza kidogo kidogo huishia kuongeza mno.

Mimi ni fundi, naishi Pongwe, kazi yangu iko mjini. Baiskeli kama saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, siku sita. Nina kilo 78 nataka kufika 70. Nimeamua kula mara moja tu, ugali usiku. Saa saba mchana naona nyota. Nivumilie? (Fundi wa Pongwe)

Usivumilie. Wewe ndiye mtu ambaye swali hili la kurudisha lilitungwa kwa ajili yake, na jibu lako ni ndiyo, rudisha.

Baiskeli za Tanga tumezizoea kiasi kwamba hatuzihesabu kuwa mazoezi. Saa mbili za kukanyaga kwa mwendo wa kawaida, kwa kilo zako, zinaweza kula kalori 700 au 800 juu ya zile za kuishi. Bado hujashika nyundo. Ukifanya hivyo huku unakula sahani moja, pengo linakuwa kubwa mno, na mwili hauzibi pengo kubwa kwa mafuta peke yake. Unachukua na msuli. Halafu barabara ile ina malori. Mtu anayeona nyota hapaswi kuwa juu ya baiskeli.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Ukikosa 500 kwa siku, kwa hesabu unashuka karibu nusu kilo kwa wiki. Inatosha, na kadiri mwili unavyopungua kasi nayo hupungua, usishangae. Kwa hiyo anza kurudisha nusu ya kile unachochoma, 350 hadi 400, na ziingie kabla ya kazi na saa za mchana, si usiku. Asubuhi mihogo ya kuchemsha na kikombe cha maziwa. Mchana maharage na wali kiasi, au samaki. Ugali wa usiku upunguze kidogo tu. Ukipita wiki mbili bado unaona nyota, ongeza tena, na upimwe wingi wa damu na presha.

Jumamosi nilikimbia nikapungua kilo moja na nusu, Jumapili zimerudi zote. Nimekula nini kibaya? (Msomaji wa Usagara)

Hujala kitu. Ni maji. Kilo za jasho ni kama msemo wetu wa mji: waja leo waondoka leo.

Mume wangu anasema hizi hesabu ni za wazungu. Babu zetu walilima, wakavua, wakala wakashiba, na vitambi hawakuwa navyo. Kwa hiyo tufanye kazi nyingi, tule tunavyopenda. (Bi wa Ngamiani)

Mumeo ana nusu ya ukweli, mpe chai. Nusu ya pili imetoka hapa hapa Tanzania.

Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima Wahadzabe, wale wawindaji na wachimba mizizi wa kando ya Ziwa Eyasi. Waliwapa maji maalumu ya kunywa na kupima mkojo wao, njia inayoaminika kuliko saa yoyote. Wahadzabe hutembea mno kila siku, kuliko mfanyakazi wa ofisini yeyote. Wote walitegemea waonekane wanachoma kalori nyingi sana. Walipoweka sawa tofauti za ukubwa wa miili, jumla ya siku ikawa haina tofauti na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini.

Maelezo ambayo Pontzer anayatetea ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia nyingi miguuni, unabana kwingine. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani, lakini mimi nimeshaliona kwa wanafunzi wangu: akimaliza kukimbia asubuhi, mchana mzima hanyanyuki, hata rimoti anamwita mtoto amletee. Ndiyo sababu nyingine ya kutorudisha kalori zote zilizoandikwa.

Babu zetu basi hawakuokolewa na jembe peke yake. Hawakuwa na soda mezani kila siku wala chipsi mayai kila kona. Mwambie hivyo, kwa upole.

Nina miaka 19, nacheza mpira wa miguu. Mazoezi asubuhi na jioni. Kocha anataka nipungue kilo 4 kwa hiyo sirudishi kitu. Hedhi imekata mwezi wa nne sasa, wenzangu wanasema ni kawaida kwa wachezaji. (Binti wa Tanga mjini)

Si kawaida, mwanangu, hata ukisikia kwa mia. Nenda hospitali wiki hii. Watakupima mimba kwanza, usikasirike, ndiyo taratibu, kisha mambo mengine. Lakini maelezo yako yanafanana sana na mwili uliokosa chakula cha kuendeshea kazi zake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina mwaka 2014, upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na likiachwa linakula mifupa. Unavunjika kwa teke la kawaida.

Wewe rudisha zote, na zaidi. Hizo kilo 4 zisahau mpaka daktari aseme. Na kocha anayetaka kilo bila kuuliza habari ya hedhi, nampa alama ya chini.

Nina sukari, natumia vidonge. Nataka kuanza kuogelea Raskazone. Nile kwanza au nisile? (Mzee wa Mwanzange)

Shikamoo mzee. Inategemea vidonge gani, na mimi ni mwalimu wa michezo, si daktari, kwa hiyo vipeleke kliniki uulize. Metformini peke yake mara chache huangusha sukari. Lakini kuna vidonge vingine, na sindano za insulini, ambavyo vikikutana na mazoezi vinaweza kuiangusha ghafla. Kama unatumia hivyo, pima kabla. Sukari ikiwa chini ya 5 (milimoli kwa lita), kula kitu kwanza. Hapo suala la kupunguza uzito tunaliweka pembeni. Usiogelee peke yako, na acha ufukweni maji yenye vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari. Ukianza kutetemeka na jasho la baridi, toka unywe.

Na dafu baada ya mazoezi? (Wengi)

Kunyweni. Maji ya dafu moja ni kama kalori 60, soda ya mililita 350 ni karibu 150. Ile nyama laini ya ndani ina mafuta kidogo kuliko nazi kavu, ila muuzaji akikukatia kijiko cha kifuu, mgawie na uliyekwenda naye kutembea.