"Jana sikusafiri": kwa nini dodoso lenu limekosa safari za watu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri mojawapo ya Dar es Salaam. Tumedodosa kaya 180 kuhusu safari za kila siku, tukitaka kujenga hoja ya njia mpya ya daladala. Wastani umetoka safari 1.2 kwa mtu kwa siku, na theluthi ya watu wazima wameandikwa "hakusafiri". Bosi anasema sampuli ni ndogo. Tuongeze kaya? Dodoso nimeambatanisha.

JIBU: Msiongeze kaya bado. Sampuli ikiwa ndogo, jibu huyumba huku na huko. Lenu halikuyumba, limezama. Mtu aliyetoka akarudi ana safari mbili tayari, ya kwenda na ya kurudi, kwa hiyo 1.2 inanipa shaka na swali lenyewe.

Nimelikuta, ni la 14: "Jana ulifanya safari ngapi?" Kitaalamu halina kasoro, maana kwetu safari ni kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa shughuli fulani, hata kwa miguu, ila kwa Mswahili safari ni ya Mwanza, ya begi na tiketi. Chukua mama aliyempeleka mtoto shule kwa miguu, akapitia gengeni kuchukua nyanya, akarudi, jioni akaenda kwenye kikoba na kurudi tena. Atakwambia, "Jana? Sikusafiri mwanangu, nilikuwepo tu." Hizo ni safari tano, na zote zimepotea. Zinazopotea hivyo nyingi ni za miguu, za wanawake na watoto, halafu mpango unaandikwa kana kwamba hakuna anayehitaji njia ya waendao kwa miguu.

Msiulize idadi, fuateni siku ya mtu. "Jana uliamkia wapi? Ulipotoka hapo ulianzia wapi? Saa ngapi? Ukaenda na nini? Kisha?" Endeleeni hivyo mpaka alipolala. Kuhesabu ni kazi ya mdodosaji.

Muwe makini na vipande. Mkazi wa Kigamboni anayepanda bodaboda hadi kivukoni, akavuka na pantoni, akachukua mwendokasi hadi Kariakoo kufuata mzigo wa duka, amefanya safari moja yenye vipande vitatu, ukiacha kutembea kati yake. Mkiandika safari tatu, mtaona watu wengi wana shughuli kivukoni, kumbe wanapita tu. Mkiandika mwendokasi peke yake, bodaboda na pantoni havitaonekana.

Kuna na kugeuza. Mtu anakaa katikati ya njia, asubuhi magari yanapita yamejaa, basi anapanda linaloelekea mwisho wa njia, analipa nauli, anageuza nalo ili apate siti. Nimewahi kumwona msimamizi akifuta vipande vya namna hiyo kwa kudhani mdodosaji kachanganya mwelekeo. Msifute! Kwa hoja yenu ya daladala mpya, hakuna ushahidi mzuri kuliko mtu anayelipa nauli mara mbili ili tu akae.

Saa nazo zina mtego wake. Mhojiwa anasema saa mbili, mdodosaji anagusa 02:00 kwenye kishikwambi, na ghafla wanafunzi wanaenda shule usiku wa manane. Programu imlazimishe kuchagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha yenyewe igeuze kuwa 08:00 au 20:00.

Swali langu kwako: mlipita saa ngapi? Kama ni saa nne asubuhi, mliwakuta waliobaki nyumbani, na wao wakawajibia walioondoka saa kumi na moja alfajiri. Mke anajua mume yuko kazini. Hajui kama mchana alitumwa Posta au jioni alipitia Buguruni. Kila mtu ajisemee, na asiyekuwepo arudiwe, hata mara tatu. Mjumbe wa shina atawaambia nani hurudi lini.

Kwa sasa chagueni kaya 20 kwa bahati nasibu kati ya zile 180, mrudi jioni, Jumatano au Alhamisi, ili "jana" iwe siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa. Linganisheni na majibu ya mwanzo. Wastani ukipanda sana, rudieni zote kwa dodoso jipya. Msizidishe takwimu za zamani kwa makisio, maana hamjui nyumba ipi ilificha safari tano na ipi kweli ilikaa ndani. Hesabu ya kaya ngapi zinatosha ifanyeni baada ya hapo.