Waacheni warudie picha

Mmeuliza mchoraji anayechora picha ileile mwaka mzima ili auze, huyo ni msanii au mfanyabiashara tu? Kwangu ni msanii, tena sina haja ya kuzunguka, ila najua wengi watawajibu kinyume kwahiyo ngoja nijieleze.

Swali hili ukiliuliza Dar lazima uishie Morogoro Stores pale Oysterbay kwa watu wa tingatinga, ule mtindo wa kuchora wenye jina la aliyeuanzisha. Mjomba wangu kachora pale miaka mingi, mimi nimekulia kwenye harufu ya rangi ya mafuta. Watu wanapita wanaona chui, twiga, tembo na Mlima Kilimanjaro kila kibanda, wanaondoka wanasema hawa jamaa wanakopi tu. Sawa, wanakopi. Lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alianza kuchora 1968 hivi na 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, yaani alichora kama miaka minne tu basi. Shule ya sanaa hakuwahi kuiona, alikuwa na vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, picha zinauzwa palepale Morogoro Stores. Sasa wale ndugu na vijana aliowafundisha, akina Simon Mpata, Ajaba Abdallah, Kasper Tedo, wangesema sisi hatukopi kazi ya mtu, leo tungekuwa na nini? Vipicha vichache vya marehemu kwenye kuta za wazungu.

Halafu angalieni vizuri. Tingatinga mwenyewe alipenda kuchora mnyama mmoja, nyuma rangi moja imetulia. Za siku hizi zina bakgraundi iliyochanganywa rangi mbili tatu, kuna soko zima, kuna hospitali, kuna mashetani, watu wamejaa mpaka pembeni. Hayo yote yameongezwa na walewale mnaosema wanakopi, huyu kaongeza kidogo, wa pembeni yake kaiga nyongeza nae kaweka yake.

Najua kuna mchoraji mzee Elimo Njau, Mchagga wa Marangu aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi 1965, msimamo wake ni kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Namheshimu sana, ile michoro yake ya kanisani Murang'a yenye Yesu Mwafrika ni kazi nzito. Ila yeye kasomea sanaa chuo cha Makerere bana! Kijana aliyetoka Tunduru na begi moja hana shule nyingine zaidi ya kukaa pembeni ya kaka yake na kurudia tembo mpaka mkono uzoee.

Na wanaorudia hawafanyi hivyo kwa uvivu. Unatandika bakgraundi, unasubiri ikauke, na rangi ya mafuta haikauki haraka hasa mvua ikinyesha, unachora mnyama, unasubiri tena ndio uje uweke madoa na mistari. Afu anakuja mgeni anataka twiga kama wa jirani, saizi ndogo ienee kwenye begi, na bei anaikata nusu. Utamchorea nini? Kodi ya chumba haisubiri mzuka ukupande. Kinachoniuma mimi ni mtindo huuhuu unakutwa kwenye vikombe na fulana nchi za watu na aliyeubuni hajapata hata senti, hapo ndio mngeuliza vizuri nani mfanyabiashara.

Mwangalieni George Lilanga, mchoraji na mchongaji. Aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, 1974 kama mlinzi, akaja kuwa jina kubwa mpaka Ulaya na Marekani, na miaka ya mwisho kisukari kilipomkata miguu alikuwa na wasaidizi wanaofanya nae kazi, mashetani yaleyale yanajirudia. Rubens nae, mchoraji maarufu wa Ulaya wa karne ya 17, kule Antwerp alikuwa na karakana nzima ya vijana wanaomjazia rangi. Hao hakuna anayewauliza kama ni wasanii, picha ziko makumbusho watu wanalipa kiingilio. Anayeulizwa ni mjomba wangu, kwasababu yeye unamkuta kibandani amevaa ndala na unaweza kumpunguzia bei.