Hela Ndogo ya Nyumba Ianzie Chini ya Ukuta

Wengi wetu hapa Dar tunahamia nyumba ikiwa bado pagale. Bati limeshapigwa, mlango wa mbele umepatikana, madirisha yamezibwa kwa turubai, basi tunaingia hivyohivyo ili kuikimbia kodi ya miezi sita sita. Ndivyo tulivyoingia sisi Mbagala. Nyumba imekuwa ikikamilika kidogo kidogo, na majirani huniuliza waanzie wapi wakishajikusanyia laki tatu au nne. Jibu langu ni lilelile: anza na maji, halafu hewa, halafu mwanga. Rangi na mapazia vitasubiri.

Pita mtaani kwako utazame nyumba zilizopakwa rangi mwaka juzi. Kuanzia sakafuni hadi karibu na kiuno, rangi imevimba, inabanduka kama magamba, na nyuma yake kuna unga mweupe. Tunasema ukuta umeliwa na chumvi, na ni kweli, ila chumvi hiyo imeletwa na maji. Yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali na lipu, yanabeba chumvi ya udongo na mchanga, na yakifika usoni mwa ukuta yanakauka. Chumvi inabaki na kuisukuma rangi itoke. Mafundi wengi watakwambia upake rangi ya mafuta kipande cha chini ili kuzuia. Haizuii. Maji yanafungiwa ndani, nayo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na msimu unaofuata madoa yanakuwa juu ya ule mstari wa rangi ya mafuta.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pima. Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakikaa upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakikaa upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba isiyotoka, na dawa yake ni dirisha.

Sasa tazama juu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Upande mmoja wa bati wenye mita 40 za mraba, ukipata mvua ya milimita 30, unamwaga lita 1,200, na kama huna gata za kukinga maji ya bati, lita hizo zote zinaangukia pale pale, mguuni mwa ukuta. Mvua za namna hiyo hutokea wakati wa masika. Gata za nyumba nzima ni hela, lakini hakuna anayekulazimisha kuzifunga zote kwa mara moja. Funga upande wa vyumba vya kulala kwanza, weka pipa la lita 200 chini yake, na milimita 5 tu zinalijaza. Maji hayo yatafua nguo na kudeki, na yakizidi yaongoze kwa bomba hadi kwenye migomba, mbali na msingi.

Kwetu ukuta ulioharibika zaidi ulikuwa wa chumba cha watoto. Tulipochimba nje tukakuta sababu: aliyechimba shimo la choo alilundika udongo wake ukutani, ukapanda mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Kila mvua iliponyesha, ukuta ulikuwa unalala kwenye tope. Kuuondoa udongo ule kulihitaji koleo, toroli la kuazima na vijana wawili wa mtaani. Hicho ndicho nawaambia watu wafanye hata kama hawana hela nyingine: udongo wa nje ushuke walau sentimita 15 chini ya sakafu, na uinamie nje. Ukipata saruji baadaye, mwaga ukanda wa zege kuzunguka nyumba.

Baada ya hapo bandua lipu iliyooza, upite kidogo juu ya mwisho wa madoa, na uache ukuta ukauke. Usiharakishe. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni wakati mzuri. Chumvi inayojitokeza ifagiliwe kwa brashi kavu, kwa sababu ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Lipu mpya ipigwe kwa mchanga wa mtoni, na juu yake paka chokaa au rangi ya maji ili ukuta uweze kupumua. Kama msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu wakati wa kujenga, unyevu hautakwisha kabisa, lakini utapungua kiasi cha kuishi nao.

Hewa. Joto la bati la Dar kila mtu analijua. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanapendeza, ila hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Kwa vyumba vya kulala naona dirisha la mbao linalofunguka lote, lenye wavu imara wa mbu, linakufaa zaidi na unaweza kulitengeneza kwa fundi wa mtaani. Kama chumba kina kuta mbili za nje, toboa dirisha la pili hata dogo, ili upepo wa Kaskazi au Kusi uingie huku utokee kule. Na tafadhali usizibe yale matundu ya juu ya ukuta eti yanaharibu sura. Yawekee wavu.

Kwenye mwanga, anza na taa ya nje inayowaka usiku kucha. Ya zamani ya wati 60, kwa saa 12, inakula uniti 21 na ushee kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inakula uniti 3 na kidogo. Luku itakuonyesha tofauti. Jiko la ndani lenye giza nalo linatosha kubadilishiwa bati moja la plastiki linalopitisha mwanga.

Ukifika kwenye rangi, hesabu mwenyewe kabla fundi hajakuandikia. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7, kina ukuta wa mita 35 za mraba hivi. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Mikono miwili ni 62. Lita moja ya rangi ya maji, kwenye ukuta uliolainishwa vizuri, hupaka mita 10 hivi. Kwa hiyo galoni mbili za lita 4 zinatosha na chenji inabaki, wakati fundi huenda akakuandikia ndoo nzima ya lita 20. Nunua vifaa mwenyewe, mlipe fundi kwa awamu tatu, na ya mwisho itoke baada ya kuikagua kazi mchana, si jioni kwa taa. Mfuniko wenye namba ya rangi utunze, utauhitaji siku ya kuziba alama.

Mpangaji naye asikate tamaa, ila asiziguse kuta kabla ya kuandikishana na mwenye nyumba kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Maneno ya barazani hayatoshi. Bila maandishi, weka hela yako kwenye vitu utakavyohama navyo: mapazia ya mtumba pale Karume, ambayo mengi ni mazito kuliko mapya ya bei hiyohiyo, feni ya kusimama, na kabati la kufunguliwa vipande kutoka kwa maseremala wa Keko.

Vuli huanza Oktoba. Mwenye koleo aushushe udongo ule kabla ya hapo.