Jibu: Benki inadai bima ya mafuriko na nyumba yangu iko juu
Pole sana dada. Umesema ramani mpya ya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, imeiingiza nyumba yako ya Houston kwenye eneo la AE, yaani eneo la hatari kubwa ya mafuriko, ingawa iko juu, na benki imekupa siku 45 ukate bima ya mafuriko. Usiipuuze barua hiyo. Siku zikiisha, benki itakukatia bima yenyewe na kukutoza, na hiyo mara nyingi ni ghali mno. Kata bima yako kwanza, kisha uipinge ramani.

Ombi la kuitoa nyumba kwenye eneo hilo linaitwa LOMA, na FEMA hawatozi ada. Utakayemlipa ni mpima ardhi mwenye leseni. Watu wengi hudhani kinachopimwa ni sakafu. Hapana, ni udongo: sehemu ya chini kabisa ya ardhi inayogusa nyumba lazima iwe sawa na kimo cha mafuriko kilichowekwa na FEMA kwa eneo hilo, au juu yake. Kwangu mpima alizunguka na fimbo yake hadi nyuma, kwenye kibonde chini ya mashine ya kiyoyozi. Pale ndipo tuliponea, kwa inchi nne tu! Kama kiwanja kiliinuliwa kwa kifusi, ombi ni jingine na lina ada.

Nyaraka zikikamilika, jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 60. Likikukubalia, lipeleke benki, uombe wakuondolee sharti la bima kwa maandishi, maana bado wana haki ya kukataa.

Hata wakikubali, nakusihi usiiache bima. Kimbunga Harvey mwaka 2017 kiliingiza maji kwenye maelfu ya nyumba zilizokuwa nje ya maeneo ya hatari ya ramani.